Mwaka Tuliowafukia Kuku

Mama Masika tulimzika juzi. Watoto wake walikuja kutoka Butembo na Kampala, wakatandaza turubai uani mwake pale Bigo, mtaa wa Bunia, wakapanga viti vya plastiki, na muda wote wa matanga mimi nilikaa upande wa jikoni na wanawake wengine, nikichambua maharagi ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Mjukuu wake mmoja, msichana aliyekulia mbali, alinitazama sana, halafu akauliza mimi ni wa upande gani wa jamaa. Nikamjibu kwamba mimi si wa jamaa. Niliwahi kupanga kwa bibi yake, mwaka mmoja tu, zamani, alipokuwa akikaa mtaa wa Shari. "Mwaka moja tu, na munalia hivi?" akasema, bila ubaya. Mwanamke aliyekuwa akikoroga sombe, majani ya muhogo, akamwambia awaache wakubwa walie. Lakini swali lile lilibaki nami. Nimeishi miaka mingi ambayo leo siwezi kuitofautisha, imelala pamoja kama magunia ghalani. Ule mmoja naweza kuurudia asubuhi kwa asubuhi.

Sitasimulia tulivyofika Bunia. Watu wa Ituri kila mmoja ana safari yake ya namna hiyo, na anayesikiliza naye ana yake, kwa hiyo haraka mtu hunyamaza. Nitaanza na chumba. Kilikuwa nyuma ya depo ya Mama Masika, na zamani aliweka humo makayabo, wale samaki wa chumvi, pamoja na makatoni ya sabuni. Ukuta ulikuwa umeinywa harufu ile hata ukawa hautaki kuiachia. Usiku wa njaa tulilala ndani ya harufu ya chakula tusichokuwa nacho. Dirisha lilikuwa moja, lenye vyuma, nalo lilitazama ukuta wa jirani. Humo tuliishi wawili, mimi mwenye miaka kumi na tisa na mama mudogo Georgine, mdogo wake mama, aliyenileta kutoka Kpandroma, huko juu milimani, ambako alikuwa analima viazi, mahindi na kabichi. Mchana akikaa ndani aliifungua na kuifumba mikono yake bila kujua, kama mtu anayetafuta mpini.

Mama Masika aliishi chumba cha pili, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu. Alikuwa mfanyabiashara, mtoto wa Butembo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja, lakini mwaka ule sauti hiyo ilikuwa haina mtu wa kuita. Mume wake alikuwa amekufa, duka lake la mjini limeporwa mpaka rafu, na kilichobaki ni paseli ile, yaani kiwanja na nyumba zake, na kuku. Kuku aliwafuga ndani ya depo yenyewe, mahali pa bidhaa, na mayai yao ndiyo yaliyomnunulia unga. Alfajiri tulimsikia akiomba kwa Kinande, lugha ya kwao, maombi marefu, na mwishoni akaongeza maneno machache kwa Kiswahili. Mama mudogo alisema hayo ya Kiswahili si ya Mungu, ni ya sisi, ili tujue na sisi tumetajwa.

Jua likianza tu kulegea, Mama Masika alifunga geti. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Ufunguo aliutia shingoni, chini ya kitambaa, akaketi kwenye kibaraza akiutazama ule mlango wa chuma kama mtu anayengoja ugombane naye. Mimi nilimchukia kwa ajili ya hilo. Dada yangu mkubwa alikuwa Kisangani na alikuwa amenitafutia shule huko; nguo zangu zilikaa ndani ya mfuko, hazikutundikwa mwaka mzima, maana nilijiambia kwamba kuzitundika ni kukubali kukaa. Lakini barabara zilikuwa zimefungwa. Mwisho wa mtaa wetu palikuwa na bariera, mti uliolazwa juu ya mapipa mawili, na askari, na ng'ambo yake hakuna raia aliyevuka. Kwa hiyo kulikuwa na geti ndani ya bariera, na chumba ndani ya geti, na ndani ya chumba mimi, nikisikiliza watu wawili wakipumua, mmoja kando yangu na mmoja nyuma ya mbao.

Ukiacha foleni ya maji, mahali pekee pa kutembea palikuwa shamba. Nyuma ya paseli, kuteremka kuelekea mto, Mama Masika alikuwa na kipande cha ardhi ambacho mume wake alikinunua ili ajenge depo nyingine. Hakikuwa kimejengwa. Miaka mingi ng'ombe za watu zilikula hapo, mpaka ng'ombe zikaondoka, na majani yakabaki yamesukana kama mkeka. Mama mudogo alipokiona mara ya kwanza alipiga magoti, akachukua udongo, akaunusa. "Huu udongo ni muzuri," akasema, na nilimwona kwa mara ya kwanza tangu tulipofika akiwa na uso wake mwenyewe. Akamwomba Mama Masika ruhusa ya kulima, mavuno tugawane. Mama Masika, ambaye hakuwahi kushika jembe, akasema, "Mulime. Kama munaona chakula humo ndani, mukitoshe," yaani tukitoe.

Tukalima kwa majembe ya kuazima. Udongo ulikuwa mweusi na laini, na ndani yake kulikuwa na funza weupe, wanene kama kidole, waliojikunja mviringo, wenye kichwa cha kahawia. Tuliwaona. Mama mudogo aliwarusha kando, akasema hata kwao wapo, wachache. Kwao, lakini, mtu alilima hapa mwaka huu na kule mwaka ujao. Aliiachia ardhi na wadudu wake, akaenda zake. Tulipanda mahindi na maharagi. Yakaota vizuri, safu zikanyooka, mpaka Mama Masika akateremka na kiti kuyatazama. Kisha, mahindi yalipofika magotini, mmea mmoja ukanyauka katikati ya safu, mvua ikinyesha. Halafu wa pili kando yake. Mama mudogo aliushika mmoja na kuuvuta polepole, nao ukatoka mkononi mwake bila kushindana hata kidogo, kama ufagio uliosimikwa. Chini hapakuwa na mzizi hata mmoja. Alisimama nao hivyo, akiugeuza, akiutafuta mwisho wake. Msimu huo tulivuna maharagi ya kujaza sufuria chache, na mabua ya kuwashia moto.

Katika chumba cha mbele alipanga agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo, mtu mpole mwenye miwani, aliyekuwa amekwama mjini kama sisi. Jioni moja Mama Masika alimpa chai kibarazani, nami nikiwa chumbani nikawasikia wakizungumza.

"Mama, hii fasi ilikuwa malisho," agronomu alisema, akimaanisha shamba letu. "Ile kidudu ya kahawia yenye inaruka saa ya magharibi, mvua ya kwanza ikinyesha, ndiyo mama yao. Inatia mayai chini ya majani. Watoto wanabaki mu udongo, hata mwaka muzima, wanakula mizizi."

"Na dawa?"

"Dawa ya kweli iko mbali, na barabara imefungwa. Hata ikipatikana, inaomba mutu mwenye anajua namna ya kuitumia. Wakulima wanafanya hivi: wanahama, wanalima fasi ingine. Hii wanaigeuza, wanaiacha uchi mu jua, bila majani."

Mama Masika alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. "Tuhame? Twende wapi, agronomu? Weye ukijua fasi ya kuhama, ungekuwa ungali hapa nakunywa chai yangu?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Baada ya siku chache agronomu alipata kiti katika ndege ndogo iliyokuwa inawatoa wagonjwa, akaenda, na chumba chake kikabaki kitupu. Leo nikizeeka naona kwamba alitueleza ukweli wote siku ile. Funza walikuwa wamefungiwa na sisi katika kipande kimoja cha ardhi, na wao walikuwa na subira kuliko sisi.

Mama mudogo akaanza upya. Hakuwa na fasi ya kuhama, basi akaamua kulihamisha shamba lenyewe, alivyosema, kwa kulipindua. Tulichimba kwa kina, tukatikisa kila bonge la majani, tukaokota funza ndani ya kopo la maji moto. Yangeyange, wale ndege weupe waliozoea kufuata ng'ombe, wakaja kutufuata sisi. Kisha akamwomba Mama Masika awatoe kuku. Mwanzoni alikataa, akiogopa wezi. Mwishoni akakubali, akateremka nao mwenyewe na fimbo, na kuku waliosahau jua wakasimama wakipepesa macho, halafu wakaelewa. Walifuata majembe wakigombana, wakimeza funza mmoja baada ya mwingine. Mayai yakaongezeka. Viini vyake vikawa vya rangi ya machungwa, na Jumapili moja Mama Masika alitukaangia yai kila mtu na lake, akaketi kula pamoja nasi sakafuni. Nakumbuka nilifikiri: labda hapa panaweza kuvumilika. Nakumbuka pia kwamba wazo hilo liliniogopesha.

Lakini kazi ya namna ile ni ya polepole, na msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia. Kila jembe lilipoingia, bado funza walitoka. Mama Masika alikuwa mtu wa biashara. Kitu kisichokwisha kilimkosesha usingizi. Ukutani tulimsikia akigeuka. Siku moja alirudi kutoka kisoko cha mtaani, upande wetu wa bariera, na mifuko midogo ya plastiki ya unga mweupe wa kijivu, haina karatasi, haina jina. Mtu alimwambia ni dawa ya vidudu vya chini. Hakutuonyesha. Asubuhi iliyofuata, sisi tulipokuwa tumekwenda kupanga foleni ya maji, aliteremka shambani peke yake, akachanganya unga ule na majivu ndani ya beseni, akautia katika mashimo na mistari kwa mikono mitupu, akijipangusa jasho usoni. Alipomaliza akawafungulia kuku kama kila siku. Alidhani sumu ya chini itabaki chini.

Tuliporudi na mabido ya maji kichwani tulimkuta ameketi mlangoni pa depo. Mate yalikuwa yanamtoka, jasho linamtiririka ingawa kulikuwa na baridi, na nyama za mikono yake zilikuwa zinacheza zenyewe. Macho yake yalikuwa yamefanya kitu ambacho sijakiona tena: vile viini vyeusi vilikuwa vimekuwa vidogo kama ncha ya sindano. "Nimetia dawa," akasema, na ulimi ulikuwa mzito. Mama mudogo hakuuliza neno. Alimvua nguo zote palepale uani, akamwagia maji yale tuliyoyapangia foleni, akamwosha kwa sabuni toka nywele mpaka kucha, akamfunga kitenge chake mwenyewe. Tukampakia nyuma ya baiskeli ya jirani, tukamshika kila mmoja upande wake, tukasukuma mpaka kituo cha afya. Muganga alipomtazama macho alikimbia kuleta sindano. Baadaye alitoka nje akatuambia, "Mulifanya muzuri kumuosha. Sasa tungoje."

Mama mudogo alingoja kidogo tu, halafu akainuka ghafla. "Kuku," akasema, na tukakimbia kurudi.

Kuku walikuwa wamelala shambani kote, mabawa wazi, wengine bado wanapiga miguu. Walikuwa wanene. Mwaka ule hakuna mtu katika mtaa wetu aliyekuwa mnene, ila wale kuku. Na majirani walikuwa wamekwisha kusimama kwenye ua, wanawake na mabeseni yao, na mbele yao Baba Dieudo, mwanamume aliyekuwa na watoto wengi na kazi yoyote hana. Wengine walikuwa wamevuka ua. Mama mudogo alipita kati yao akichukua kuku mikononi mwao, bila hasira, kama mtu anayewanyang'anya watoto kisu, akiwarundika pamoja. Akaniambia nilete jembe.

"Mama, mutupe siye," Baba Dieudo akasema. "Tutatosha matumbo. Tutaosha na chumvi. Moto inaua kila kitu."

"Hii, moto haiui."

"Watoto yangu hawakule tangu jana."

"Najua. Hata huyu wangu hakule."

"Weye uko mugeni hapa!" Sauti yake ilipasuka. "Hata hii paseli si ya weye. Unazika nyama ya wenyewe, watu wako nakufa na njala!"

Watu wakaanza kusema wote pamoja. Mwanamke mmoja akaniita mimi mchawi. Nilikuwa nimeshika kuku wawili kwa miguu, walikuwa bado na joto, na lazima niseme kwamba mate yalinijaa kinywani. Mwili hauna aibu. Mama mudogo alisimama juu ya lundo lile, jembe mkononi, na alipoongea aliongea polepole hata ikabidi wanyamaze ili wamsikie.

"Mwenyewe iko ku kituo cha afya. Iko natoka povu. Hakukula kitu, alishika tu na mukono. Alishika tu. Sasa Baba Dieudo, chagua mutoto yako mwenye atakula wa kwanza, umulete hapa mbele yangu."

Hakuna aliyesogea. Kisha Baba Dieudo akageuka akaenda zake, akitukana, na mimi nikadhani tumekwisha. Mama mudogo akaanza kuchimba. Alikuwa amechoka, jembe lilikuwa linaanguka zaidi kuliko kuchimba, na majani yale magumu yalimrudisha. Baadaye Baba Dieudo akarudi na sepeto begani. Akavuka ua bila salamu, akaingia katika shimo lililokuwa limefika magotini, akachimba. Alichimba mpaka akafika mabegani, machozi yakimtoka wazi, wala hakuyafuta. Tukawatupa kuku ndani mmoja mmoja, kila mtu akitazama. Tukafukia, tukaweka mawe na matawi ya miiba. Baba Dieudo akachukua sepeto yake akaenda nyumbani. Mpaka mwaka ukaisha hakumsalimu mama mudogo tena, na mama mudogo alisema ni haki yake.

Mama Masika alikaa kwenye kituo cha afya mpaka alipoweza kutembea. Siku tuliyomrudisha, akiwa kitandani, aligeukia ukuta wa mbao, nasi tuko upande wake safari hii.

"Kuku yangu?"

"Walikufa, mama."

"Mulikula?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alifumba macho. Nikadhani amelala. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ningekuwa peke yangu ningewapika. Ningewaita watoto ya Baba Dieudo." Mama mudogo akamfunika blanketi. Mkono wa kulia wa Mama Masika ulibaki ukitetemeka. Ulitetemeka mpaka alipokufa, na wajukuu zake wanaamini ulikuwa ni uzee.

Baada ya hapo hakuweza kukaa kibarazani tena. Depo ilikuwa kimya, mayai hakuna, na kimya kile kilimfukuza. Akawa anateremka nasi kila asubuhi na kiti chake. Sehemu ile yenye unga mama mudogo aliizungushia vijiti, hakuna kupanda, hakuna kugusa. Sehemu nyingine tuliendelea kuipindua. Sisi tulichimba, yeye akaokota, kwa mkono ule unaocheza, funza akimponyoka na yeye akimfuata tena, akimlaani kwa Kinande. Mvua za kwanza zilipokuja, wale mbawakawa wa kahawia wakaanza kutoka ardhini jua likizama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: saa yao ya kutoka ilikuwa saa yetu ya kufungiwa. Tuliwasikia wakivuma juu ya ukuta, wakienda watakako. Mama mudogo akasema kama hatuwezi kuwafuata, watatufuata. Ndani ya paseli palikuwa na mti wa avoka, yaani parachichi, nao walipenda majani yake. Basi kila jioni, geti likiwa limefungwa, tulitandaza vitenge chini ya avoka, Mama Masika akashika shina pamoja nasi, tukautikisa watu watatu, na mbawakawa wakaanguka kama mvua kavu. Tulicheka. Sijui kwa nini, lakini tulicheka mpaka tukaketi chini.

Tulipanda. Mahindi yalinyauka hapa na pale, ila mengi yalisimama. Hayakuwa mavuno ya kusimulia mtu wa Kpandroma. Yalikuwa ya watu watatu kula bila kuhesabu tonge. Siku ya kuvuna Mama Masika alinituma nimpelekee Baba Dieudo beseni limejaa. Alilipokea mlangoni, akalitazama, akaniuliza, "Udongo wa wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono, upande ule ambao haukuguswa na unga. Akaingia nalo ndani.

Kisha barabara ikafunguliwa. Hakuna aliyetuambia kwa nini, kama vile hakuna aliyetuambia ilipofungwa. Malori yakapita asubuhi yakipiga honi, na mama mudogo akapata nafasi juu ya mizigo ya mtu wa kwao. Alikwenda zake Kpandroma na jembe jipya na mbegu. Mimi nilikuwa na mfuko wangu tayari. Lori la Kisangani lilikuwa linapakia kwenye soko kubwa, ng'ambo ya bariera. Mama Masika akasema atanisindikiza, akavaa kitenge chake cha kanisani, na tukatoka wawili, geti tukaliacha wazi.

Tulipofika mwisho wa mtaa, mapipa mawili yalikuwa yako palepale, lakini mti uliokuwa juu yake haukuwapo, wala askari. Watu walikuwa wanapita, na baiskeli, na mbuzi. Mama Masika akasimama. Nikasimama naye. Alinishika mkono kwa ule wake unaotetemeka, nami nikatazama barabara ikipanda mbele yetu, na miguu yangu, ambayo mwaka mzima nilidhani inazuiwa na ule mti, haikuinuka. Mwanamke mwenye mzigo wa makaa akatupita akisema, "Mama, mupite, hakuna mutu." Tukamwitikia kwa adabu, aksanti, aksanti sana, na tukaendelea kusimama pale, sisi wawili, tukingoja tuambiwe tena.